Mate ya Mshami

Karatu, Jumamosi jioni, Juni 1985

Leo ukungu haukuondoka mpaka saa tano, na ulipoondoka ulituachia baridi yake. Nimevaa koti langu, na juu ya koti langu nimevaa koti la marehemu mke wangu, Anna. Naomba radhi kuanza kwa habari za mavazi. Anna alikuwa akisema kwamba mimi nikiwa na furaha huhisi baridi zaidi, kwa kuwa nasahau kukaa karibu na moto. Kama ni hivyo, basi leo nimetetemeka sana.

Nianze mahali panapostahili.

Binti yangu wa mwisho, Theresia, ni muuguzi katika hospitali ya misheni. Tangu Pasaka amekuwa akinitajia kijana mmoja aliyeletwa na kanisa kufunga pampu za maji, kwanza huko Daa, kisha chini Olbalbal kwa wafugaji. Jina lake ni Elia. Kwao ni Argentina, nchi ya Amerika ya Kusini, katika mkoa uitwao Tucumán, lakini babu yake mzaa baba alitoka Shamu. Redioni siku hizi husema Siria. Mimi nilifundishwa kusoma na mapadre, na katika masomo ya Jumapili nchi hiyo ni Shamu, kwa hiyo nisamehewe nikiendelea kuiita hivyo.

Huko Argentina, watu wa namna yake huitwa Waturuki. Babu yao alipoondoka, Shamu ilikuwa chini ya Waturuki na cheti chake cha safari kilisema hivyo. Basi jina likawaganda, wana na wajukuu, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona Uturuki. Jambo hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Sisi Wairaqw majirani zetu wametuita Wambulu tangu kabla sijazaliwa, nasi tumeitika.

Kijana huyu amemwomba Theresia wafunge ndoa, na Theresia amekubali. Leo ndiyo siku aliyopangiwa kuja kusikia neno langu mimi baba, mbele ya shemeji yangu Mzee Tluway, kaka yake Anna.

Na neno langu, mpaka saa nane mchana wa leo, lilikuwa hapana.

Nitaeleza sababu yake, ingawa inanitia haya. Elia alipokuja nyumbani mara ya kwanza, baada ya Pasaka, alibeba mfuko wa ngozi begani. Tulipokwisha kusalimiana, Theresia akaniambia, huku akijizuia kucheka, "Baba, mgeni anaomba ruhusa akunyweshe mate."

Nilivua miwani. Nikaivaa tena.

Kumbe mate ni jina la majani yao, majani makavu ya kijani yanayomea upande wa nchi yao, nao huyanywa kama sisi tunavyokunywa chai. Huyatia katika kibuyu kidogo kinachoenea kiganjani, hutia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, kisha hunyonya kwa mrija wa chuma. Kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja. Mtu akimaliza humrudishia mwenye kumimina, naye hujaza na kumpa anayefuata. Kwa hiyo jina lile si la uongo hata kwa Kiswahili, kwa maana kila mmoja hunyonya pale alipoacha mwenzake.

Nilinywa. Yalikuwa machungu kama dawa ya minyoo ya enzi za shule, lakini mgeni alinitazama kwa macho ya matumaini, nami nikamrudishia kibuyu kwa mikono miwili na kumwambia, "Ahsante sana, mwanangu."

Kibuyu kikaenda kwa Theresia. Kikarudi. Elia akanywa. Kikaenda tena kwa Theresia. Kikarudi. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, na kibuyu kilipita mbele ya magoti yangu kwenda na kurudi. Sikupewa tena siku ile. Mara ya pili alipotembelea ikawa hivyo hivyo: nilipewa mara moja, nikashukuru, basi. Mara ya tatu, vilevile.

Sikusema kitu. Lakini usiniulize nilifikiri nini nilipobaki peke yangu.

Nilifikiri juu ya kinywa changu. Meno yangu ya mbele hayapo, na yaliyobaki si ya kutazamwa. Nilijiambia kwamba kijana ananipa mara ya kwanza kwa adabu tu, kisha anaona kinyaa kuutia mrija wake tena katika mdomo wa mzee. Sikumkasirikia, ningekuwa kijana, pengine na mimi ningeona kinyaa. Ila nilijiuliza: kama baba wa msichana anaonewa kinyaa akiwa hapa hapa sebuleni kwake, huyo msichana ataishije huko ng'ambo, mahali ambapo sitaweza hata kumbishia mlango?

Kwa hiyo nilitengeneza kukataa kwangu. Hotuba yake niliitengeneza vizuri, kwa maneno yasiyomuumiza mtu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi kupanga hoja. Nilijizoeza kwa sauti mbele ya mahindi yaliyoanikwa uani.

Mzee Tluway alifika akiwa na fimbo yake na blanketi mabegani. Theresia alimletea chai, akaonja, akamtazama mpwa wake.

"We mama, hii chai au maji ya kuoshea kikombe?"

"Sukari hakuna dukani, Mjomba. Tangu mwezi uliopita."

"Basi usiite chai. Mwenzio ataitafuta chai ndani yake."

Nieleze kidogo juu ya shemeji yangu, bila nia ya kumsengenya. Tangu nimfahamu hajawahi kumshukuru mtu. Mwaka mmoja ng'ombe wake alipotea, nikamtafuta huku na huko kwenye mabonde, nikamrudisha. Tluway alimzunguka yule ng'ombe, akasema, "Amekonda," akaingia ndani. Hana ubaya. Anna alinieleza kwamba nyumbani kwao ahsante lilikuwa neno la watu wa misheni, neno la kuvalia viatu.

Elia alifika akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vyenye tope la Daa. Alimwamkia Mzee Tluway, "Shikamoo, Mjomba," naye Tluway akaitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza kwa Kiiraqw, mbele yake, kama huyu ni Mwarabu au Mzungu. Nilijibu kwa Kiswahili, ili mgeni asikie, kwamba babu yake alikuwa Mshami.

"Mshamba?" akauliza Tluway, ambaye sikio lake la kushoto limechoka. "Mbona hilo ni jambo jema. Na sisi sote ni washamba."

"Mshami, shemeji. Mtu wa Shamu."

"Analima?"

"Anafunga pampu."

"Basi si mshamba," akasema kwa masikitiko.

Elia alicheka kuliko sote. Akafungua mfuko wake, akatoa kibuyu na chupa, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani kwamba anaomba kuwakaribisha wazee mate. Nilijua litakalofuata. Nilishusha macho kwenye kapu la mbaazi.

Tluway alikipokea kibuyu, akakigeuza, akakisifu kwa kuwa kimekaushwa vizuri, akanyonya mpaka mrija ukakoroma. Akakirudisha bila neno. Elia akajaza, akanipa mimi. Nikanywa. Nikamrudishia kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mwanangu."

Akajaza, akampa Theresia. Akanywa mwenyewe. Akajaza, akampa Tluway. Theresia. Mwenyewe. Tluway. Shemeji yangu aliendelea kukoroma na mrija ule, na kila akimaliza alinyoosha mkono tu. Mimi nilikuwa na mikono yangu mapajani, na kukataa kwangu kumekaa sawasawa kifuani, tayari.

Tluway ndiye aliyeona. Macho yake ni mazima hata kama sikio si zima.

"Mwalimu," akasema, "huyu mkwe wako hakupendi. Mimi ananinywesha kama ndama, na wewe unatazama tu."

Aliona ni mzaha. Kwangu ilikuwa kana kwamba mtu ameingia chumbani mwangu bila kubisha. Theresia alinitazama, na nadhani aliona usoni mwangu lile nililoficha tangu Pasaka, kwa maana aliacha kucheka.

Elia aliiweka chupa chini. "Lakini Baba alisema asante," akasema.

"Ndiyo, alisema," akajibu Tluway. "Huyu hushukuru hata kuku akitaga. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ametosheka."



Kisha Elia akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema maneno ya Kihispania ambayo sikuyaelewa na ambayo, kwa namna yalivyotoka, naona ni heri sikuyaelewa. Akapiga magoti mbele yangu hapo sakafuni, na viatu vyake vya tope.

Akanieleza. Kwao, katika kunywa mate, mtu anayerudisha kibuyu kimya amesema, nipe tena. Anayerudisha na kusema asante amesema, nimeridhika, nisihesabiwe tena katika mzunguko. Kumpa tena mtu aliyeshukuru ni kumlazimisha, na kumlazimisha mzee ni utovu wa adabu. Kwa hiyo mara zote hizo, wakati mimi nikidhani ananionea kinyaa, yeye alikuwa akijiuliza usiku na mchana kwa nini baba wa Theresia hapendi kinywaji chake. Theresia naye alidhani tu kwamba uchungu umenishinda.

"Baba," akasema, "hata babu yangu lilimpata hili."

Nitaliandika kama alivyolisimulia, nikinyoosha tu sarufi yake, na hilo nalo aniwie radhi.

Babu yake aliondoka kijiji kimoja karibu na mji wa Homs akiwa kijana asiye na ndevu. Mama yake hakuwa na cha kumpa ila agizo moja: popote utakapopokelewa, shukuru. Alivuka bahari, akapanda treni mpaka Tucumán kwenye mashamba ya miwa, na Washami waliomtangulia wakampa sanduku la mbao la kubeba mgongoni, lenye sindano, nyuzi, vitana, vioo na rozari. Akawa mchuuzi wa miguu, akipanda milimani kwa wachungaji wa ng'ombe na mbuzi. Huko kila nyumba walimkaribisha karibu na moto, wakampa kibuyu, naye akanywa na kutamka neno la kwanza alilojifunza kwa lugha yao, asante. Na kila nyumba kibuyu hakikumrudia. Alipitisha msimu mzima wa baridi katika milima ile, mkavu wa koo, akiamini kwamba watu wale wanamdharau kwa kuwa ni Mturuki.

Mwishowe mama mmoja mchunga mbuzi, aliyechoka kumwona akitetemeka kando ya maji ya moto, alimwambia, "We Mturuki, ukinyamaza utakunywa."

Akanyamaza. Akanywa. Akarudi tena katika nyumba ile, na tena, hata pale ambapo sindano zote walikuwa wameshanunua, na mwishowe akamwoa binti wa yule mama.

"Huyo ndiye bibi yangu," akasema Elia.

Tluway alikuwa amesikiliza kwa lile sikio jema. "Sasa," akasema, "nani anamsemea kijana huyu? Msichana ana baba na mjomba. Yeye ana nani? Pampu?"

Hilo lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililokuwa limebaki. Kwetu, mtu haombi mke peke yake kama anayeomba kazi. Lazima awe na mtu wa kumsemea, wa kuulizwa siku mambo yakiharibika. Elia alijibu kwa unyonge kwamba baba yake yuko mbali na padre wa misheni amesafiri.

Tluway akanyoosha mkono, kibuyu kikajazwa, akanywa polepole. Kisha akauliza jina la kinywaji.

"Mate, Mjomba."

"Nimesikia. Mwalimu, huko Olbalbal Wamaasai hawakumtemea huyu?"

Elia akakiri kwamba walimtemea. Siku pampu ilipotoa maji, wazee walimtemea kifuani na mikononi, naye akaja mbio kwa Theresia kumwuliza amewakosea nini.

"Walimbariki," akasema Tluway. "Mate ya mzee ni baraka, hata sisi twafanya hivyo. Sasa mimi tangu nimekaa hapa nimekunywa mate ya huyu, na yeye amekunywa yangu, na ya dada yangu yamo kwa msichana huyu. Kuna nini tena cha kuuliza?" Akajiinua, akabeba kigoda chake kutoka upande wangu, akakiweka upande wa Elia, akakaa. "Mimi ndiye ninayemsemea. Mwalimu, tumekuja kuomba mke."

Nilitaka kumweleza, kwa heshima zote, kwamba majani ni majani na mate ni mate, na kwamba kufanana kwa maneno ya lugha mbili hakuwezi kuanzisha ukoo. Nilifungua mdomo.

"Shemeji, naomba radhi, neno hilo kwa Kihispania..."

"Mwalimu, tumekuja kuomba mke. Shule imefungwa."

Nikafunga mdomo. Lakini kulikuwa na swali moja ambalo hakuna mwingine angeniulizia.

"Elia," nikasema, "yule mama aliyebaki Shamu. Yule wa agizo. Alimwona tena mwanawe?"

Theresia alitazama sakafu. Elia hakuharakisha.

"Hapana, Baba. Hakumwona tena."

Angeweza kunidanganya. Ningemwamini, kwa kuwa nilitaka sana kuamini.

Akaendelea. Babu yake alipopata duka alimtumia mama yake magunia ya majani yale kwa mikono ya Washami waliokuwa wakirudi nyumbani, pamoja na kibuyu na mrija. Mama akawakaribisha majirani zake. Majirani wakapenda. Mpaka leo, katika vijiji vile vya Shamu, watu hunywa mate kila asubuhi, na wengi hawajui ni nani aliyeyaleta. "Sitaahidi kitu nisichoweza, Baba," akasema. "Kazi ya pampu bado ipo. Ikiisha, tutakwenda anakotaka Theresia. Lakini siwezi kukuambia kwamba hatutakwenda kamwe."

"Na huko kwenu sukari ipo?" akauliza Tluway.

"Ni mkoa wa miwa, Mjomba. Ipo mpaka inamwagika."

"Mwalimu, usichelewe."

"Mjomba!" akasema Theresia. Akanigeukia. "Baba, mimi sijasema naondoka kesho. Nimesema nampenda."

Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu, juu ya mtu yeyote. Mama yake naye alilisema mara chache, na kila aliposema alishikilia kitu mkononi. Leo Theresia alishikilia kifuniko cha chupa.

Elia alikuwa amekwisha kujaza kibuyu. Akakileta kwangu kwa mikono miwili, akasubiri. Wote wakasubiri. Ile hotuba yangu ya kukataa niliitafuta kifuani sikuiona, na ya kukubali sikuwa nimeitengeneza.

Nikanywa mpaka mrija ukakoroma. Yalikuwa machungu vilevile. Nilihisi lile neno likipanda kooni, kama linavyopanda tangu utotoni, tangu Padre aliponipa penseli ya kwanza akangoja nishukuru. Nikalizuia. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Nikamrudishia kibuyu.

Nikanyamaza.

"Mwalimu, mbona husemi kitu?" akauliza Tluway. "Watu wanangoja jibu."

"Amekwisha sema, Mjomba," akajibu Theresia, na sauti yake ikakatika hapo. Elia naye alijaribu kumimina maji, akamwaga nusu juu ya viatu vyake, labda kwa manufaa ya viatu.

Nikapewa tena. Na tena.

Kabla hawajaondoka Tluway alisimama mlangoni, akaongoza dua yetu ya wazee, ile tunayoiita slufay, akiwaombea Elia na Theresia mvua, watoto na njia isiyo na miiba, nasi tukaitikia kila mstari. Alipomaliza aliwatemea wote wawili viganjani, akawaambia wajipake usoni. Elia alijipaka bila kusita, mpaka nyuma ya masikio. Tluway akamtazama kitambo, akaniambia kwa Kiiraqw, "Huyu anafaa." Kwa shemeji yangu hiyo ni hotuba ndefu.

Sasa jioni imeingia. Theresia anaosha vyombo na kuimba wimbo ambao hajui maneno yake. Kibuyu wameniachia. Elia amesema nikizoee, naye atajichongea kingine kutoka katika vile vilivyokauka juu ya dari yangu ya jikoni. Siku moja, labda si karibuni, nyumba hii itakuwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nalijua hilo. Nimelitazama vizuri leo, na halikunitisha kama nilivyotarajia. Yule mama wa Homs naye aliketi asubuhi na kibuyu mkononi, na majirani wakaja.

Limebaki jambo moja tu, na ndilo linalonisumbua kidogo. Tangu nikiwa mtoto nimefunga kila sala yangu ya jioni kwa neno moja lile lile. Leo nilipopiga magoti nilimkumbuka Anna, nikamtaja Theresia, nikamtaja kijana, nikamtaja hata Tluway. Nilipofika mwisho nikasita.

Bwana, uniwie radhi kwa utovu wangu wa adabu. Leo sitasema ahsante. Usije ukadhani nimetosheka.